Injini Inapokosa Mwako: Kipimo cha Osiloskopu na Haki ya Mwenye Gari

Mwenye gari hufika ofisini kwetu na boksi dogo la vipuri vya zamani, pamoja na risiti tatu au nne. Maelezo yake hufanana na ya aliyemtangulia. Gari lilianza kutetemeka likiwa limesimama kwenye foleni. Fundi akabadilisha plagi, mtetemo ukabaki. Fundi wa pili akabadilisha koili, mtetemo ukapungua kwa siku mbili kisha ukarudi. Wa tatu akasafisha nozeli na kupendekeza pampu mpya ya mafuta. Fedha zimekwisha, gari linatetemeka vilevile, na mwenyewe hajui amlalamikie nani kati ya hao watatu.

Malalamiko ya namna hii ni magumu kuyaamua, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyedanganya. Kila fundi alibashiri, na kila ubashiri ulikuwa na sababu yake: plagi zilizochakaa huleta mtetemo kweli, na koili mbovu pia. Ila mteja aliuziwa ubashiri kwa bei ya uhakika. Katika sehemu hii tunaeleza jinsi hitilafu hiyo inavyopimwa, hasa kwa chombo kiitwacho osiloskopu, ambacho sasa huonekana katika baadhi ya gereji za mijini. Hatukusudii kumfanya msomaji awe fundi. Tunakusudia aweze kuuliza swali linalostahili kabla ya kutoa fedha, na aweze kulitambua jibu.

Kukosa mwako ni nini

Injini ya petroli hupata nguvu kwa kuchoma mchanganyiko wa hewa na mafuta ndani ya silinda. Ili mwako utokee, mambo matatu lazima yakutane: mchanganyiko wenye kiasi sahihi cha mafuta, mgandamizo wa kutosha, na cheche yenye nguvu inayotokea kwa wakati wake. Likipungua mojawapo, silinda hiyo hupita zamu yake bila kuchangia chochote, na zilizobaki hulazimika kuibeba. Hali hiyo ndiyo mafundi wetu huiita misi. Husema gari linamisi.

Kasi ya mambo hayo ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Injini ya silinda 4 inayozunguka mara 700 kwa dakika, yaani gari likiwa limesimama na dereva hajakanyaga mafuta, huwasha cheche 1,400 kila dakika. Kila silinda hupata zamu 350, karibu 6 kwa sekunde. Cheche yenyewe huwaka kwa sehemu 1 hadi 2 tu za elfu za sekunde. Sikio la fundi mzoefu linaweza kutambua kwamba kuna silinda inayokosa, lakini haliwezi kusikia ni kwa nini.

Petroli isiyoungua haipotei. Huingia kwenye bomba la moshi na kuungulia ndani ya kisafisha moshi, chombo chenye matundu kama masega ya nyuki, na joto lake huweza kuyayeyusha masega hayo. Kisafisha moshi kipya ni ghali mno kikilinganishwa na plagi. Katika magari mengi, taa ya injini inayowaka mfululizo huashiria hitilafu inayopaswa kuchunguzwa mapema. Inayowaka na kuzimika gari likitembea huashiria kwamba kukosa mwako kumefikia kiwango cha kuharibu kifaa hicho. Hapo dereva apunguze mwendo, aache kukanyaga mafuta kwa nguvu, na asiendelee na safari ndefu. Tunasisitiza jambo hili hata kwa msomaji ambaye hatasoma zaidi ya aya hii.

Msimbo husema wapi, hausemi kwa nini

Hatua ya kwanza katika gereji nyingi ni kuunganisha skana kwenye soketi iliyo chini ya usukani na kusoma misimbo ya hitilafu. Hatua hiyo ni sahihi. Kompyuta ya gari hufuatilia mzunguko wa krenki kwa kutumia sensa, na silinda inapopita zamu yake bila kuwaka, krenki hupunguza mwendo kwa muda mfupi mno. Kompyuta huhesabu upungufu huo na kuandika msimbo. P0300 humaanisha kukosa mwako kunakohamahama kati ya silinda. P0301 ni silinda ya 1, P0302 ni ya 2, na kuendelea.

Hapa ndipo wateja wengi hupotoshwa, wakati mwingine na fundi ambaye naye amepotoka. P0302 haina maana kwamba koili ya silinda ya 2 imekufa. Inasema tu kwamba silinda ya 2 haikuisukuma krenki ilivyopaswa. Chanzo kinaweza kuwa plagi, koili, nozeli, waya uliolika, valvu isiyofunga, au hewa inayovuja upande wa silinda hiyo. Fundi anayesoma P0302 na papo hapo kutaja bei ya koili ameruka hatua.

Ipo njia ya zamani na ya haki ya kuifidia hatua hiyo bila chombo cha gharama. Koili ya silinda ya 2 huhamishiwa silinda ya 3, na ya 3 huletwa kwenye ya 2, kisha gari huendeshwa. Msimbo ukibadilika kuwa P0303, koili ndiyo yenye kosa. Ukibaki P0302, koili haina hatia na hakuna sababu ya kununua nyingine. Katika magari mengi madogo kazi hiyo huchukua dakika chache, na plagi nazo huweza kujaribiwa kwa namna hiyohiyo. Mteja ana haki ya kuuliza kama imefanyika. Tusichokishauri ni desturi ya kuchomoa koili au waya za plagi moja baada ya nyingine injini ikiunguruma, ili kusikiliza ni silinda ipi isiyobadilisha sauti. Mfumo wa cheche huweza kutoa volti zaidi ya 20,000. Umeme huo unaweza kumdhuru mtu, na unaweza pia kuunguza koili iliyokuwa nzima.

Tuongeze neno kuhusu skana za bei nafuu zinazouzwa madukani. Magari ya Japani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la nchi hiyo, ambayo yamejaa barabarani kwetu, hayaelewani na skana hizo kila mara. Skana kutosoma kitu haimaanishi kwamba gari halina hitilafu. Tena, mwombe fundi asifute misimbo kabla ya kuiandika. Pamoja na msimbo, magari mengi huhifadhi hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: mwendo, joto na mzigo iliokuwa nao. Kuifuta kabla ya kuiandika ni kupoteza ushahidi.

Osiloskopu huonyesha nini

Osiloskopu ni chombo kinachochora umeme. Mstari ukipanda, volti zimepanda. Mstari ukisonga kulia, muda umepita. Asili yake ni bomba la miale lililobuniwa na mwanafizikia Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Siku hizi bomba hilo halihitajiki tena, na vyombo vingi vya gereji ni visanduku vidogo vinavyounganishwa na kompyuta ya kawaida.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mita ya umeme ambayo kila fundi anayo isitoshe. Mita hubadilisha tarakimu zake mara chache tu kwa sekunde, na mara nyingi inachoonyesha ni wastani. Cheche inayoisha ndani ya sehemu 2 za elfu za sekunde haiwezi kuonekana humo. Osiloskopu huchukua vipimo maelfu kwa maelfu kila sekunde, kwa hiyo cheche moja iliyokosekana kati ya mia moja huacha pengo linaloonekana kwa macho.

Mchoro wa cheche ya silinda moja una sehemu tatu ambazo hata asiye fundi huweza kuzitambua. Kwanza kuna mnara mwembamba: hizo ni volti zilizohitajika kuruka mwanya wa plagi. Kisha kuna mstari mfupi unaokaribia kulala: huo ni muda ambao cheche inawaka. Mwishoni kuna mawimbi madogo yanayofifia, umeme uliobaki ndani ya koili ukiisha. Mnara mrefu kuliko wa silinda nyingine, wenye mstari mfupi nyuma yake, huashiria kwamba cheche inapata shida kuruka: mwanya wa plagi umepanuka, waya umekatika kwa ndani, au mchanganyiko una mafuta machache. Mnara mfupi huashiria kinyume chake: mwanya umebana, plagi ina masizi, umeme unavujia nje, au mgandamizo ni mdogo. Mawimbi ya mwishoni yasipoonekana, koili yenyewe hushukiwa. Tunakiri kwamba sisi wenyewe, tulipoketi mara ya kwanza mbele ya kioo hicho, tulihitaji kuelekezwa zaidi ya mara moja.

Uzito wote uko katika kulinganisha. Katika magari ambayo kila plagi ina koili yake juu, fundi huweka ncha ya kupimia juu ya koili bila kufungua kitu, na urefu wa mnara anaouona si kipimo kamili cha volti. Mchoro wa silinda moja peke yake hausemi mengi. Michoro minne kwa pamoja husema.

Nozeli nayo ina mchoro wake. Inapofunguliwa, volti hushuka karibu na sifuri, hubaki chini kwa sehemu 2 hadi 4 za elfu za sekunde ikiwa injini haijakanyagwa, kisha huruka juu ghafla umeme unapokatwa, mara nyingi kufikia volti 60 au zaidi. Katika mteremko wa baadaye huweza kuonekana kinundu kidogo, sindano ya nozeli ikirudi mahali pake. Kinundu kikikosekana kwa nozeli moja hali zilizobaki zinacho, sindano hiyo huenda imekwama. Lakini mchoro mzuri hauthibitishi kwamba mafuta yalipita. Nozeli yenye tundu lililoziba huweza kuchora vilevile. Fundi anayedai kwamba mchoro huo umemwonyesha uchafu anapaswa kuulizwa zaidi.

Kipimo tunachokithamini kuliko vingine, kwa upande wa mteja, ni kile kisichofungua hata boliti moja ya injini. Fundi hukata mafuta kwa kuchomoa fyuzi ya pampu, huiacha injini izimike yenyewe, kisha huvisha kibanio cha kupimia mkondo kwenye waya mnene wa betri. Stata huzungushwa kwa sekunde 5 hivi. Stata hubeba mzigo mkubwa zaidi kila pistoni inapogandamiza hewa, kwa hiyo mkondo hupanda na kushuka kama vilima: silinda 4, vilima 4, kisha hujirudia. Silinda zikiwa na afya sawa, vilima hulingana. Kimoja kikiwa kifupi, silinda moja haigandamizi, na hapo plagi, koili na nozeli mpya hazitasaidia kitu. Ili kujua kilima ni cha silinda ipi, waya wa pili huwekwa kwenye amri ya koili ya silinda ya 1, na vilima huhesabiwa kwa mpangilio wa uwakaji, ambao katika injini nyingi za silinda 4 zilizopangwa mstari mmoja ni 1-3-4-2. Kipimo hiki kina upungufu wake: kinalinganisha tu. Silinda zote zikichakaa kwa pamoja, vilima vitalingana na kumdanganya asiye makini.

Mfano wa mwalimu mmoja

Mfano huu tumeuunganisha kutokana na mashauri ya aina moja, na kiasi cha fedha ni cha mfano.

Mwalimu wa shule ya msingi alinunua gari dogo la silinda 4 kwa mkopo wa SACCOS. Baada ya mwaka mmoja likaanza kutetemeka likiwa limesimama, lakini likishika kasi barabarani likatulia. Gereji ya kwanza ilisoma P0302. "Mwalimu, hii ni koili," fundi alimwambia, naye akalipa shilingi 120,000. Risiti iliandikwa "koili mbovu imebadilishwa". Wiki iliyofuata P0302 ikarudi. Gereji hiyohiyo ikamuuzia plagi 4 kwa shilingi 80,000, kisha ikasafisha nozeli kwa shilingi 60,000. Jumla ikawa shilingi 260,000, na fedha alizoweka kwa ajili ya ada ya mwanawe zikawa zimeguswa. Jambo moja alilifanya vema tangu mwanzo: aliomba arudishiwe kila kifaa kilichotolewa.

Kulikuwa na dalili ambayo hakuna aliyeijali. Valvu isiyofunga vizuri huvujisha hewa, na injini inapozunguka polepole hewa hiyo hupata muda mrefu wa kuponyoka; inapokwenda kasi muda huo hupungua, na mtetemo hupungua nao. Dalili hiyo haitoshi kuwa hukumu. Ilitosha kupima mgandamizo kabla ya kuuza koili.

Gereji ya pili ilitoza shilingi 40,000 kwa uchunguzi peke yake, na mwalimu aliona ni nyingi. Fundi aliweka ncha juu ya kila koili: minara mitatu ilikuwa sawa, wa silinda ya 2 ulikuwa mfupi. Akahamisha plagi na koili ya silinda hiyo kwenda nyingine, na mnara mfupi ukabaki palepale kwenye silinda ya 2. Akakata mafuta, akavisha kibanio kwenye waya wa betri, akazungusha stata. Kilima cha silinda ya 1, kisha cha 3, kisha cha 4 vililingana. Cha nne, zamu ya silinda ya 2, hakikufika nusu ya vingine. Akamwita mteja wake atazame kioo. "Mwalimu, hebu hesabu mwenyewe."

Hakuishia hapo, na ndivyo ipasavyo, kwa sababu kilima kifupi hakisemi hewa inatokea wapi. Aliipandisha pistoni ya silinda ya 2 hadi juu, valvu zikiwa zimefunga, akaingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi na kusikiliza. Upepo ukisikika kwenye njia ya kuingizia hewa, valvu ya kuingiza inavuja. Ukisikika kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi za pistoni. Mapovu kwenye rediata huelekeza kwenye gasketi ya hedi. Mwalimu aliambiwa ainame nyuma ya gari, akausikia upepo ukitoka kwenye bomba la moshi: valvu ya kutolea moshi ilikuwa imeungua.

Habari haikuwa njema. Hedi ilipaswa kushushwa, valvu ibadilishwe na mahali inapokaa pasagwe, kazi ya shilingi 450,000. Osiloskopu haimpunguzii mtu gharama ya kitu kilichokwisha kuungua. Ilichompa mwalimu ni nafasi ya kuamua: kutengeneza, kuuza gari akimweleza mnunuzi ukweli, au kuliegesha hadi apate fedha. Nafasi hiyo angeipata wiki kadhaa mapema, shilingi 260,000 zikiwa bado mkononi. Aliliegesha, akapanda daladala muhula mzima, kisha akalitengeneza. Baada ya kazi alionyeshwa vilima vinne vilivyolingana, akavipiga picha kwa simu yake.

Lilibaki suala la koili. Ile ya zamani, aliyokuwa ameihifadhi, ilifungwa tena kwenye injini na kupimwa. Mchoro wake ulikuwa sawa na wa koili nyingine tatu, hali risiti ilisema ni mbovu. Gereji ya kwanza ilipowekewa michoro hiyo mezani ilirudisha shilingi 120,000. Fedha za plagi na nozeli hazikurudishwa, nasi hatukuzidai. Plagi za zamani zilikuwa zimechakaa kweli, na kuhusu nozeli hakukuwa na kipimo chochote cha kabla ya kusafishwa ambacho kingeonyesha kwamba kazi hiyo haikuhitajika.

Unapofika gereji

Tenganisha ada ya uchunguzi na bei ya matengenezo. Wateja wengi huikwepa ada hiyo, na tunaelewa sababu, lakini gereji inayochunguza bure italazimika kujilipa kwa kukuuzia kifaa. Kubalianeni kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Omba picha ya mchoro wa silinda yenye hitilafu pamoja na wa silinda nzima, na baada ya matengenezo omba mchoro wa kipimo kilekile. Vipuri vilivyotolewa ni mali yako, isipokuwa mlipokubaliana viachwe gereji kwa punguzo la bei. Risiti ya EFD itaje kifaa kilichobadilishwa. Maneno "matengenezo ya gari" peke yake hayakusaidii baadaye.

Si kila misi inastahili osiloskopu. Gari lililopitisha muda wake wa kubadilishiwa plagi libadilishiwe plagi kwanza, hilo ni jambo la busara na la gharama ndogo. Injini nzima ikianza kutetemeka muda mfupi baada ya kujaza mafuta, shuku mafuta kabla ya koili, maana silinda zote hunywa kutoka tangi moja. Katika hali hiyo tunza risiti ya kituo, acha kuendesha, na hakikisha sampuli inachukuliwa kabla tangi halijamwagwa.

Mistari ya rangi kwenye kioo nayo si uthibitisho kwa sababu tu inapendeza. Tumewahi kuletewa picha ya mchoro ambao, ulipochunguzwa, haukuwa hata wa gari linalolalamikiwa. Ndiyo maana tunashauri picha ionyeshe pia namba ya gari na tarehe. Mwombe fundi akuonyeshe kwenye kioo silinda iliyo nzima ni ipi na imetofautianaje na mbovu. Anayeijua kazi yake hulifurahia ombi hilo.

Anayeleta lalamiko kwetu aje na risiti zote, vipuri vya zamani, picha za michoro ikiwa zipo, na misimbo kama ilivyosomwa kila mara, pamoja na tarehe zake. Asiye na michoro asisite kuja. Tunachomwomba ni kwamba gari lisifanyiwe matengenezo mengine kabla halijakaguliwa, kwa sababu kifaa kikishabadilishwa tena, haiwezekani kupima hali ambayo fundi wa kwanza aliliacha nayo.